Mwongozo Kamili: Kupima Kimo cha Mawingu ya Mshtarii kwa Picha za Vichujio vya Cassini

Kazi ninazoletewa na vijana wa Moshi na Arusha hukwama karibu zote mahali pamoja. Picha tatu zimepakuliwa, zimeunganishwa zikawa moja yenye rangi za kuvutia, na chini yake imeandikwa: "Mawingu mekundu yako juu, ya buluu yako chini." Hitimisho hilo halina mguu wa kusimamia, kwa sababu rangi hizo zimepakwa na programu. Hakuna kilichopimwa.

Mwongozo huu unakutoa kwenye picha ya mapambo na kukufikisha kwenye kipimo. Unahitaji wikendi moja, bando la kawaida na uvumilivu. Masika yakifunika anga wiki nzima hayakuzuii, maana picha zilishapigwa na zinapatikana bure.

## Unachohitaji

- Laptopu yoyote yenye RAM ya GB 4 au zaidi.
- Programu ya ImageJ. Ni ya bure, ni nyepesi, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena.
- Picha za Mshtarii, yaani Jupita, zilizopigwa na chombo cha Cassini mwezi Oktoba na Novemba 2000 kilipokuwa kinaikaribia sayari hiyo njiani kwenda Zohali. Ziko kwenye OPUS, mtambo wa kutafutia data wa Ring-Moon Systems Node ya NASA, unaoendeshwa na SETI Institute.
- Kikokotoo chenye kitufe cha sin⁻¹.
- Daftari. Kila namba utakayoingiza kwenye programu iandikwe, vinginevyo umeme ukikatika utaanza upya.

Kila faili kamili ina ukubwa wa takriban MB 4, kwa hiyo seti tatu za vichujio vinne (vioo vya kamera vinavyopitisha mwanga wa urefu fulani wa wimbi tu) hazifiki MB 50. Pakua zote mara moja, kisha fanya kazi bila mtandao.

Picha za JunoCam, kamera ya chombo cha Juno, ziache kwanza. Ni nzuri sana, lakini kamera ile hupiga vipande vyembamba wakati chombo kinazunguka, na kuviunga ni kazi nyingine kabisa.

## Elewa hili kabla ya kugusa faili

Mtu wa Moshi akitazama Kibo asubuhi huona weupe huko juu. Weupe peke yake haumwambii kama ni theluji ya kileleni au ni wingu lililosimama mbele ya mlima. Anajua kwa kuangalia kipi kinafunika kipi. Mawingu ya Mshtarii nayo ni hivyo: weupe au wekundu haukupi kimo. Kinachokupa kimo ni kitu kilicho katikati, kati ya wingu na kamera, na kitu hicho ni gesi ya methani.

Hewa ya Mshtarii ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa, na methani ni kama asilimia 0.2 tu. Lakini ina sifa mbili zinazotufaa. Kwanza, Mshtarii haina baridi ya kutosha kuigandisha, kwa hiyo imechanganyika sawasawa kutoka juu hadi chini ya mawingu. Pili, hunyonya mwanga wa urefu fulani wa wimbi na kuuachia mwingine upite.

Kamera ya Cassini ilibeba vichujio vilivyochaguliwa kwa ajili hiyo. Utatumia vinne:

- CB2, karibu nanomita 750. Methani hainyonyi sana hapa, hivyo mwanga hushuka hadi kwenye mawingu mazito na kurudi. Hiki ndicho kipimo chako cha kulinganishia.
- MT2, nanomita 727. Methani hunyonya kiasi.
- MT3, nanomita 889. Methani hunyonya kwa nguvu sana. Mwanga ukijaribu kwenda chini haurudi. Unaorudi ni ule uliogonga kitu kilicho juu.
- BL1, karibu nanomita 450, yaani buluu. Hiki hakipimi kimo. Kinaonyesha mahali penye kemikali ya rangi inayomeza mwanga wa buluu.

Kwa hiyo wingu linalong'aa kwenye MT3 liko juu, au lina ukungu mwingi juu yake. Wingu linalong'aa CB2 na kufifia MT3 liko chini. Ulinganisho huo ndio moyo wa kazi yote, na hufanya kazi pale tu picha zote mbili zinapokuwa kwenye kipimo kimoja cha mwangaza.

## Hatua ya 1: Tafuta picha zinazofuatana

Kwenye OPUS chagua sayari Jupiter, kifaa Cassini ISS (ndiyo kamera ya chombo hicho), kamera ya pembe nyembamba, na tarehe kati ya 1 Oktoba na 30 Novemba 2000. Kwenye sehemu ya vichujio tafuta CL1+CB2, CL1+MT2, CL1+MT3 na BL1+CL2; CL1 na CL2 ni nafasi wazi zisizochuja rangi.

Kwa nini miezi hiyo? Kwa sababu sayari nzima inaingia ndani ya picha moja. Cassini ilipita karibu zaidi tarehe 30 Desemba 2000, ikiwa karibu kilomita milioni 10 kutoka Mshtarii, na wakati huo kamera ya pembe nyembamba ilikuwa inaona kipande tu. Bila ukingo wa sayari, anayeanza hana pa kushikia.

Jina la faili lina siri inayorahisisha kazi. Herufi N ni kamera ya pembe nyembamba, na tarakimu kumi zinazofuata ni saa ya chombo katika sekunde. Ukitoa jina moja kwa jingine unapata sekunde zilizopita kati ya picha mbili. Huna haja ya kuhangaika na UTC, yaani saa ya kimataifa, wala saa za Afrika Mashariki.

Chagua picha ambazo CB2, MT2 na MT3 zimepishana kwa dakika chache tu. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, kwa hiyo mawingu ya ikweta yanapita mbele ya kamera kwa karibu kilomita 12.6 kila sekunde.

Umefanikiwa kama una seti moja ya vichujio vyote vinne, na Doa Kuu Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, linaonekana mbali na ukingo.

## Hatua ya 2: Pakua faili iliyosawazishwa kipimo

Hapa ndipo wengi huanguka. OPUS inakupa picha ndogo za kutazama pamoja na data yenyewe. Picha za kutazama zimeng'arishwa kila moja kivyake ili jicho lione vizuri. Kwenye picha halisi ya MT3 sayari ni giza tupu ikilinganishwa na CB2, lakini kwenye picha za kutazama zote mbili zinang'aa sawa. Ukizilinganisha hizo, unalinganisha uamuzi wa programu.

Chukua bidhaa yenye neno CALIB kwenye jina, faili ya .IMG pamoja na .LBL yake. Ndani yake kila pikseli imeandikwa kama uwiano: mwanga uliorudi ukigawanywa kwa mwanga wa Jua uliofika. Vichujio vyote vinazungumza lugha moja ya namba.

Onyo: usihifadhi kazi yako kama JPEG katika hatua yoyote kabla ya mwisho. Tumia TIFF ya biti 32.

## Hatua ya 3: Fungua faili kwenye ImageJ

Fungua .IMG kwanza kwa programu ya maandishi ya kawaida. Mistari ya mwanzo inasomeka, inayofuata ni herufi za ovyo. Katika sehemu inayosomeka tafuta na uandike daftarini: LBLSIZE, NL, NS, NLB, NBB, RECSIZE na REALFMT. Funga bila kuhifadhi.

Sasa ndani ya ImageJ nenda File, Import, Raw, kisha ujaze:

1. Aina: 32-bit Real.
2. Upana ni NS na urefu ni NL. Kwa kawaida ni 1024 kwa 1024, lakini picha nyingine zimefupishwa kuwa 512 kwa 512.
3. Baiti za kuruka mwanzoni ni LBLSIZE. Kama NLB si sifuri, zidisha NLB kwa RECSIZE ujumlishe.
4. Kama REALFMT ni RIEEE, weka tiki kwenye little-endian. Kama ni IEEE, usiweke.

Picha ikikataa, sura yake itakwambia tatizo. Chenga kama televisheni isiyo na stesheni maana yake tiki ya namba nne iko kinyume. Sayari ikiwa imelala mshazari, upana si sahihi: angalia NBB. Kama si sifuri, igawanye kwa 4, jumlisha kwenye upana, fungua upya, kisha kata safuwima hizo za ziada.

Umefanikiwa kama ukipitisha mshale kwenye anga jeusi unasoma namba iliyo karibu na sifuri, na ukiupitisha kwenye kanda nyeupe za CB2 unasoma namba zinazokaribia au kuzidi 0.5. Kwenye MT3 sehemu kubwa ya sayari itakuwa chini ya 0.2. Usiogope giza hilo. Ndilo data yako.

Kama anga halisomi karibu na sifuri, chora kisanduku mahali patupu, pima wastani wake, kisha uutoe kwenye picha nzima.

## Hatua ya 4: Simamisha sayari na upange picha juu ya nyingine

Zungusha picha mpaka kanda za mawingu zilale mlalo na kaskazini iwe juu. Doa Kuu Jekundu liko nyuzi 22 kusini, kwa hiyo lazima lionekane chini ya ikweta.

Kisha hakikisha picha haijageuka kama kwenye kioo. Fungua picha nyingine iliyopigwa saa moja baadaye. Kaskazini ikiwa juu, mawingu yanatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Yakienda kinyume, geuza picha zote kwa mlalo. Ukipuuza ukaguzi huu, pepo zako zote zitakuja na alama isiyo sahihi.

Sasa mahesabu mawili mafupi. Ukubwa wa pikseli katika kilomita ni umbali wa chombo ukizidishwa kwa 0.000006. Mwanzoni mwa Oktoba 2000 umbali ulikuwa kama kilomita milioni 80, kwa hiyo pikseli moja ni kilomita 480. Kipenyo cha Mshtarii kwenye ikweta ni kilomita 142,984, hivyo sayari lazima iwe na upana wa karibu pikseli 298. Pima kwenye picha. Ukikuta namba tofauti kabisa, umechukua picha iliyofupishwa au umekosea umbali. Kumbuka pia kwamba upande mmoja una giza la usiku, kwa hiyo ukingo unaoangazwa na Jua ndio wa kuaminika.

Kwa kupanga, tumia ukingo huo unaong'aa. Usitumie mawingu. Ukilazimisha mawingu ya picha mbili yalingane, unafuta mwendo wao na kusogeza sayari yenyewe. Usitumie duara pia: Mshtarii imebonyea kwenye ncha, na nusu kipenyo cha kaskazini-kusini ni kilomita 66,854 dhidi ya 71,492 za ikweta. Chora duaradufu yenye uwiano wa 0.935.

Baki mzunguko. Tuseme CB2 na MT3 zimepishana kwa sekunde 120. Mawingu ya katikati yamesogea 12.6 × 120, yaani kilomita 1,512, ambazo ni pikseli 3 hivi. Sogeza MT3 kwa kiasi hicho kuelekea upande unaofaa, na ujue kwamba usahihi huo ni wa katikati ya sayari tu. Kwenye latitudo nyingine zidisha kwa kosini ya latitudo. Hamisha kwa hesabu, usihamishe kwa macho.

## Hatua ya 5: Gawanya MT3 kwa CB2

Nenda Process, Image Calculator, chagua Divide, na uhakikishe umeweka tiki ya matokeo ya biti 32. Kabla ya hapo, ondoa anga: pikseli zote za CB2 zilizo chini ya 0.02 zifanye NaN, yaani "si namba", ili zisihesabiwe. Vinginevyo utakuwa unagawa sifuri kwa sifuri, na pembezoni patajaa nukta kali zitakazokudanganya.

Kwa nini tugawanye badala ya kuangalia MT3 peke yake? Kwa sababu wingu jeusi lililo juu na wingu jeupe lililo chini yanaweza kutoa mwangaza uleule kwenye MT3. Ukigawanya, weupe wa wingu lenyewe unapungua nguvu, na kinachobaki zaidi ni kiasi cha methani kilichokuwa njiani.

Rudia kwa MT2 gawanya kwa CB2. MT2 huona chini zaidi kuliko MT3, kwa hiyo uwiano huu wa pili hutofautisha tabaka za katikati.

Weka kiwango cha chini na cha juu cha kuonyeshea kwa namba, uziandike, na utumie zilezile kwa kila picha ya aina hiyo. Kitufe cha Auto kisiguswe kabisa.

Onyo kuhusu ukingo: karibu na ukingo mwanga hupita hewani kwa mshazari, hukutana na methani nyingi zaidi, na ukungu wa juu huonekana mzito kuliko ulivyo. Usilinganishe wingu la katikati na wingu la ukingoni. Linganisha yaliyo umbali sawa kutoka katikati, au subiri sayari izunguke ilete lile la ukingoni katikati. Picha za saa mbili au tatu baadaye zipo.

## Hatua ya 6: Soma unachokiona

Anza na vitu ambavyo jibu lake linajulikana. Vikikubali, unaweza kuamini vingine.

Doa Kuu Jekundu. Kwenye BL1 ni jeusi, kwenye MT3 linang'aa. Likiwa jeusi kwenye buluu, kuna kemikali inayomeza buluu. Likiwa angavu kwenye methani, kilele chake kiko juu kuliko majirani. Ni majibu mawili kwa maswali mawili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa ile sentensi ya "mekundu yako juu". Mikanda ya kahawia nayo inameza buluu, lakini kwenye MT3 ni hafifu.

Ukanda wa ikweta. Uwiano wa MT3 uko juu. Kuna ukungu mwembamba unaoelea juu ya mawingu ya amonia.

Ncha za sayari. Zinang'aa kwenye MT3 kama kofia, ilhali kwenye CB2 hazina ajabu. Huo ni ukungu wa tabaka la juu kabisa.

Madoa meusi karibu na nyuzi 7 kaskazini. Meusi kwenye CB2 na hayana kitu kwenye MT3. Hapa mawingu yametawanyika na mwanga unapotelea chini.

Ukishapata hayo, tafuta mawingu meupe madogo, hasa kaskazini-magharibi mwa Doa Kuu. Mwaka 1998 wanasayansi walitumia picha za chombo cha Galileo, zilizopigwa kwa vichujio vya 727, 756 na 889, wakaonyesha kwamba dhoruba katika eneo hilo ilikuwa na wingu lililo chini sana, ambako mgandamizo unazidi mara 4 ule wa usawa wa bahari hapa duniani. Amonia hugandia juu zaidi, karibu na nusu hadi robo tatu ya mgandamizo wetu, kwa hiyo kwenye kina kile mgombea aliyebaki ni maji. Ulinganisho wa vichujio vitatu, uleule ulioufanya sasa hivi, ndio uliofikisha watu kwenye mawingu ya maji ya sayari nyingine. Nadhani mwanafunzi wa kidato cha tano anastahili kulijua hilo mapema.

Usiandike kimo kwa kilomita. Uwiano wako unasema juu na chini, hausemi kiasi. Kupata kilomita kunahitaji modeli ya jinsi mwanga unavyosambaa ndani ya hewa yenye ukungu, na ukungu wenyewe unabadilika kutoka mahali hadi mahali.

## Hatua ya 7: Rangi bandia, sasa ndiyo ruhusa

Nenda Image, Color, Merge Channels. Weka CB2 kwenye nyekundu, MT2 kwenye kijani na MT3 kwenye buluu. Kwa kuwa MT3 ni hafifu, utalazimika kuizidisha. Andika umezidisha mara ngapi.

Kwa mpangilio huu, nyekundu ni mawingu ya chini, buluu nyepesi ni ukungu mwembamba wa juu, na nyeupe ni mawingu mazito yaliyofika juu. Kila picha utakayomwonyesha mtu iandikwe chini yake kichujio kipi kimepewa rangi ipi. Picha ya rangi bandia isiyo na maelezo hayo humpotosha mtazamaji.

## Hatua ya 8: Pima kasi ya upepo

Chukua picha mbili za CB2 zilizopishana kwa takriban mzunguko mmoja, yaani sekunde 35,730 hivi, zote zikionyesha Doa Kuu Jekundu na doa dogo la ikweta linalotambulika. Doa Kuu huhama polepole sana, mita chache kwa sekunde, kwa hiyo litakuwa nguzo yako.

Kwa kila doa, pima umbali wake katika pikseli kutoka mstari wa katikati wa sayari, ugawanye kwa nusu upana wa sayari kwenye mstari uleule wa mlalo, kisha bonyeza sin⁻¹. Hiyo ni nyuzi ngapi doa liko mbali na katikati. Tafuta tofauti ya nyuzi kati ya Doa Kuu na doa la ikweta katika picha ya kwanza, kisha ya pili.

Tuseme doa la ikweta lilikuwa nyuzi 12.0 mashariki ya Doa Kuu, sasa ni 14.9. Limesogea nyuzi 2.9. Kwenye ikweta nyuzi moja ni kilomita 1,248, kwa hiyo ni kilomita 3,619. Gawanya kwa sekunde 35,730: karibu mita 101 kwa sekunde, kuelekea mashariki. Hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya ukanda wa ikweta wa Mshtarii.

Kosa la pikseli moja yenye kilomita 480 ni karibu mita 13 kwa sekunde, na umepima nafasi nne, hivyo andika jibu lako na kosa la mita 25 au zaidi. Picha za mwisho wa Novemba zina pikseli ndogo na zitapunguza kosa hilo. Ukipata kasi inayozidi mita 300 kwa sekunde, umefuata doa tofauti kwenye picha ya pili: mawingu madogo hubadilika sura ndani ya saa kumi. Chagua lingine lenye umbo la pekee, upime tena, na mwenzako apime picha zilezile bila kuona jibu lako.